Nani Ashike Picha ya Kidole?

Mei 2019 Tanzania ilianza kusajili laini za simu kwa alama za vidole. Mwisho ulipangwa uwe Desemba 31, ukasogezwa hadi Januari 20, 2020, na wiki zile za mwisho kila penye mwavuli wa wakala palikuwa na foleni. Wakala ameshika kijimashine kisichozidi kiganja. Mteja anataja namba yake ya kitambulisho cha taifa cha NIDA, tarakimu 20 zote, anafuta kidole kwenye nguo, anabonyeza. Kwa wengi ilikubali papo hapo. Kwa bibi aliyeshika jembe maisha yake yote, au kwa fundi saruji, kidole kiligandamizwa, kikalowanishwa, kikabadilishwa kingine, na mwishowe wakala akasema, “Mashine haisomi.”

Ukiwa kwenye foleni huna wa kumlaumu ila mashine na wakala wake. Lakini nyuma ya kile kijimashine kuna soko la kampuni chache za Ufaransa, Japani, Ujerumani na Marekani, na kuna vikao vya viwango ambako kampuni hizohizo hukaa meza moja na kuamua nani ataelewana na nani. Kenya, Uganda na Tanzania zimeshanunua kutoka soko hilo, na zitanunua tena. Ndiyo maana nimeipanga hoja hii kwa sauti nne. Hawa si watu mahususi. Ni misimamo inayojirudia kila mitambo hii inaponunuliwa, nami nimeipa kila mmoja kiti chake: Mama, afisa ununuzi aliyestaafu; Mhandisi, kijana wa programu; Wakala, anayeuza mitambo ya kampuni ya nje; na Wakili, Mkenya, aliyechelewa kidogo kufika.

MAMA: Nianze na malalamiko, maana sisi tuliozeeka ofisini ndivyo tunavyoanza. Mahali fulani nilipofanya kazi tulinunua mashine za mahudhurio. Asubuhi unaweka kidole, inakushukuru kwa Kiingereza, unapita. Miaka ikaenda, mashine ya geti la nyuma ikafa. Tukatangaza zabuni, akashinda mwingine mwenye bei nafuu. Mashine mpya ikaletwa, ikafungwa, ikapewa data zetu za zamani. Ikazikataa zote. Watumishi wote wakapangwa foleni upya: wa zamu ya usiku waliokuwa wamelala, madereva waliokuwa safarini, mpaka aliyekuwa likizo ya uzazi. Yule mzabuni wa kwanza akatupigia simu akicheka, “Mngebaki na mimi msingesumbuka.” Sasa mnieleze. Kidole si ni kilekile?

MHANDISI: Shikamoo mama. Kidole ni kilekile, ila mashine haikuhifadhi kidole. Kisomaji hupiga picha ya kidole, kwa kawaida nukta 500 kwa kila inchi. Halafu programu inaitafuta ile mistari ya ngozi: wapi mstari unakatika, wapi unagawanyika mara mbili. Kila sehemu kama hiyo inaandikiwa mahali ilipo na mwelekeo wake. Kidole kizuri kinatoa alama kadhaa za namna hiyo, na orodha yake ndiyo tunayoiita kiolezo. Ni kidogo sana, baiti mia chache tu. Picha yenyewe mashine nyingi za ofisini huitupa. Kinachobaki ni kiolezo, na kila kampuni inakiandika kwa namna yake, pamoja na mambo ya ziada ambayo kampuni nyingine haiwezi kuyafasiri.

MAMA: Kama chaji za simu zamani. Ile pini nyembamba ya Nokia ilikuwa haiingii kwenye simu ya mwenzako.

WAKALA: Mama, chaji zilitofautiana kwa ukaidi tu. Hapa kuna sababu. Kazi ya kutafuta kidole kimoja kati ya milioni 30 si sawa na kufungua geti la ofisi. Kampuni imetumia miaka na fedha kujifunza vitu ambavyo havimo kwenye kiwango: mistari mingapi ipo kati ya alama mbili, ngozi imevutika vipi, sehemu gani ya picha ni ya kuaminika. Hayo ndiyo unayoyalipia. Ukinilazimisha nihifadhi vile tu ambavyo kila mtu anavyo, umeniambia nisikimbie kuliko mwenzangu.

MHANDISI: Sawa, kaka, lakini vita hivi vya viwango mlivianza nyinyi wenyewe, na havikuanza kwa ajili ya usahihi. Aprili 1998 kampuni kubwa za kompyuta, Compaq, IBM, Microsoft na Novell zikiwamo, zilitangaza umoja ulioitwa BioAPI. Lengo lilikuwa zuri: mtu aandike programu mara moja, kisha iweze kutumia kisomaji cha kampuni yoyote. Kumbe tayari kulikuwa na kiolesura kingine, HA-API, kilichotengenezwa na kampuni ya National Registry kwa kandarasi ya serikali ya Marekani. Na cha tatu, BAPI, mali ya kampuni ndogo ya California iitwayo I/O Software. Tatizo moja, viwango vitatu. HA-API ikaunganishwa na BioAPI. Microsoft ikajitoa, na Mei 2000 ikatangaza kwamba inaichukua BAPI iiingize kwenye Windows.

WAKALA: Malizia hadithi. BioAPI ikawa kiwango cha Marekani mwaka 2002, ikawa cha kimataifa mwaka 2006, ISO/IEC 19784. Na Microsoft, ilipoweka rasmi utambuzi wa vidole ndani ya Windows 7 mwaka 2009, ilikuja na mfumo wake mwenyewe. Waliovumilia vikao walipata kijitabu chenye namba ya ISO. Aliyekuwa na soko akabaki na soko. Mimi nauza, kwa hiyo huwa naangalia soko.

MAMA: Basi hivyo vikao havina maana?

MHANDISI: Vina maana, ila lazima ujue vinagusa nini. BioAPI inaeleza jinsi programu inavyomwita mtoa huduma wa vidole: washa kisomaji, chukua alama, linganisha. Haisemi ndani ya kiolezo kuna nini. Kuna kiwango kingine, CBEFF, kilichochapishwa na NIST, taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, mwaka 2001. Hicho kinapanga utangulizi wa data: nani ameitengeneza, ni ya aina gani, imesimbwa au la. Yaliyomo yanaruhusiwa kubaki siri ya kampuni. Kwa hiyo kampuni inaweza kusema kweli tupu kwamba inafuata kiwango, na bado wewe ukabaki umefungwa kwake.

MAMA: Ngoja hapo. Nimeandika zabuni miaka mingi. Kila mara tuliweka kifungu, “mfumo uendane na viwango vya ISO.” Nilikuwa nimeandika nini?

WAKALA: Mama, nikwambie ukweli? Ulikuwa umeandika mstari ambao sisi sote tunauwekea alama ya vema bila kumuuliza mhandisi.

Nimekatiza hapa mwenyewe, kwa sababu jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Kwenye nyaraka za zabuni neno “kiwango” huonekana kama kinga. Mtu wa bodi ya zabuni akiliona anatulia. Lakini viwango vya fani hii ni vingi, na kila kimoja kinashika kipande: kimoja namna ya kumwita kisomaji, kingine umbo la data, kingine ubora wa picha. Mnunuzi asiyetaja kipande anachokitaka hajataka chochote. Tuendelee, Wakala alikuwa na hoja nzito ya kutoa.

WAKALA: Tuseme basi mama ametaja kiwango cha kiolezo chenyewe, ISO/IEC 19794-2, kinachoeleza jinsi ya kuandika zile alama za mistari. Je, amepona? NIST walipima jambo hilo. Jaribio liliitwa MINEX, ripoti yake ilitoka Machi 2006, na zaidi ya kampuni kumi zilishiriki. Waligundua kwamba violezo vya siri vya kampuni vilifanya vizuri kuliko vya kiwango. Na kampuni moja ikitengeneza kiolezo cha kiwango, kisha injini, yaani programu ya kulinganisha vidole, ya kampuni nyingine ikakilinganisha, makosa yaliongezeka. Si hila. Injini mbili zikitazama mstari uliofifia kwenye kidole cha mkulima, moja itasema umekatika, nyingine itasema unaendelea. Kiwango kinakueleza namna ya kuandika jibu. Hakiwezi kuzilazimisha zione kitu kimoja.

MHANDISI: Ripoti hiyohiyo ilionyesha kwamba ukitumia vidole viwili badala ya kimoja, pengo hilo linapungua sana. Ndiyo maana serikali ya Marekani ilichukua kiwango kwa vitambulisho vya watumishi wake, baada ya agizo la Agosti 2004 lililotaka kitambulisho cha aina moja kwa wizara zote. Ndani ya kadi kuna violezo vya vidole viwili, kwa umbo la kiwango, na injini isiyofaulu majaribio ya NIST haikubaliwi. Walikubali kupoteza usahihi kidogo ili kadi iliyotolewa na idara moja isomwe na mlango wa idara nyingine.

WAKALA: Kwa mlango, nakubali. Kuthibitisha kwamba huyu ni yule anayesema kuwa ndiye, kiwango kinatosha. Lakini daftari la taifa? Kumsaka mtu aliyejiandikisha mara mbili kati ya mamilioni? Hapo usinipe violezo vya kiwango.

MHANDISI: Hapo tunakubaliana, na ndipo ninapotaka kufika. Kwa daftari la taifa usidai kiolezo cha kiwango. Dai picha.

MAMA: Picha ya kidole?

MHANDISI: Picha yenyewe, mama, ile ya nukta 500. Polisi wa Marekani walifundishwa na shida. Katika miaka ya 1980 kila mji mkubwa ulinunua mtambo wake wa kutafuta alama za vidole. San Francisco walichukua wa NEC ya Japani, ukaanza kazi mwaka 1984, na ukawaletea sifa kubwa kwa kukamata wezi wa majumbani. Wengine walinunua kwa kampuni nyingine. Mhalifu anavuka mpaka wa kaunti, mitambo haielewani. Mwaka 1986 ikaandikwa kanuni ya kubadilishana zile alama za mistari. Haikutosha, kwa sababu ileile aliyoitaja kaka: kila injini inaona yake. Toleo la 1993 likahamia kwenye kubadilishana picha. Mwaka huohuo FBI wakawa na kanuni yao ya kuibana picha, WSQ, ambayo huipunguza kama mara 15 bila kuharibu mistari, wakishirikiana na NIST na maabara ya Los Alamos. Kuanzia hapo polisi wa mji mmoja anatuma picha, na mtambo wa mji mwingine unatengeneza violezo vyake wenyewe kwa njia zake za siri. Kampuni ikabaki na siri yake na polisi wakabaki na picha zao.

MAMA: Kumbe hili lilishatatuliwa mimi nikiwa bado kijana.

MHANDISI: Lilitatuliwa kwa wale walioshika picha.

MAMA: Basi nieleze kwa nini mwaka hadi mwaka majina ya wazabuni yanabadilika lakini sura kwenye mkutano ni zilezile. Nilikuwa nikipokea barua: kampuni yetu sasa inaitwa hivi, mkataba unaendelea.

WAKALA: Hilo kweli. NIST walipofanya shindano kubwa la injini za vidole mwaka 2003, kampuni 18 zilileta mifumo 34. Tatu zilizotangulia zilikuwa NEC, Sagem ya Ufaransa na Cogent ya Marekani. NEC bado ni NEC. Sagem ikawa Morpho ya Safran. Mwaka 2011 Safran wakainunua L-1 ya Marekani. Mwaka 2017 biashara yote ikauzwa, ikaunganishwa na Oberthur, ikawa IDEMIA. Cogent ilinunuliwa na 3M mwaka 2010, ikauzwa kwa Gemalto mwaka 2017, na mwaka 2019 Gemalto yenyewe ikamezwa na Thales.

MHANDISI: Na kwenye simu ilikuwa hivyohivyo. Apple waliinunua AuthenTec mwaka 2012 kwa dola milioni 356 hivi. AuthenTec ilikuwa ikiuza visomaji kwa watengenezaji wengi. Mwaka uliofuata kisomaji kikatokea kwenye iPhone 5s, na waliokuwa wakikitegemea wakalazimika kutafuta pengine. Aliyekuwa mkuu wa Motorola wakati ule alikuja kusema hadharani kwamba simu yao ya Nexus 6 ilikosa kisomaji kwa sababu hiyo.

MAMA: Kwa hiyo hata nikichagua kampuni kwa uangalifu, kesho anaweza kuja bosi mwingine nisiyemchagua.

WAKALA: Na mimi kesho naweza kuwa nauza za mwingine. Ndiyo biashara.

Hapa Wakili aliingia, akaomba radhi kwa kuchelewa, akaketi karibu na Mama.

WAKILI: Mlikuwa mnasema majina kubadilika, nami natoka kulikobadilika mambo. Kwetu Kenya mashine za kuandikisha wapiga kura wa 2013 zilikuwa za Morpho. Mwaka 2017 vifaa vya KIEMS, mfumo wetu wa kusimamia uchaguzi, vilitoka kwa kampuni hiyohiyo. Mwaka 2022 tukahamia Smartmatic. Aprili 2019 Bunge lilipiga kura kutaka IDEMIA izuiwe kufanya biashara Kenya kwa miaka 10. Kampuni ilikana tuhuma, na mzozo ukaishia mahakamani. Lakini kumbukeni mwezi wenyewe. Aprili hiyohiyo maafisa walikuwa wakizunguka vijijini wakiandikisha watu kwa Huduma Namba, namba mpya ya utambulisho wa taifa, na mashine walizobeba zilikuwa za IDEMIA. Wabunge wanapiga kura huku, wananchi wanabonyeza vidole kule.

MAMA: Wangefanyaje? Wasimamishe kila kitu?

WAKILI: Sitetei upande wowote, Mama. Ninachosema ni kwamba kumfukuza mzabuni kwa kura ni rahisi. Kuondoka naye ukiwa na data zako mkononi ni kazi ya mkataba, na mkataba uliandikwa miaka kabla ya hasira. Lakini kabla hamjakubaliana na kijana kuhusu picha, mimi nina pingamizi.

MHANDISI: Karibu, dada.

WAKILI: Mwaka 2015 Marekani waligundua kwamba wadukuzi wameingia kwenye ofisi inayosimamia watumishi wa serikali na kuchukua alama za vidole za watu milioni 5.6. Neno la siri likiibwa unabadilisha. Kidole utabadilisha na nini? Nyinyi mnataka serikali zetu zirundike picha kamili za vidole vya raia ili siku moja zibadilishe mzabuni kwa urahisi. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Tanzania mna yenu ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Zote mbili zinataka usichukue zaidi ya unachohitaji. Mahakama Kuu yetu, Januari 2020, iliruhusu Huduma Namba iendelee kwa sharti kwamba kwanza kuwe na kanuni kamili, na ikakataza kukusanya vinasaba. Ushindani wa kampuni ni jambo jema. Je, unatosha kuwa sababu ya kuhifadhi kitu hatari hivyo?

MHANDISI: Ningekubali kama kiolezo kingekuwa salama. Lakini tangu mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bologna walionyesha kwamba kutoka kwenye kiolezo cha kiwango unaweza kuunda upya picha ya kidole, na picha hiyo ikazidanganya injini. Kwa hiyo anayekwambia “sisi hatuhifadhi picha, tuna namba tu” anakupoza. Vyote viwili vinahitaji kulindwa. Swali ni nani ana ufunguo.

WAKILI: Endelea.

MHANDISI: Picha zisimbwe. Ufunguo uwe wa taasisi ya umma, usiwe wa mzabuni wala wa mhandisi wake aliyekuja kwa viza ya miezi mitatu. Zikae mbali na mtambo wa kila siku, maana mtambo wa kila siku unahitaji violezo tu. Zinafunguliwa kwa sababu moja: injini mpya inapokuja kutengeneza violezo vyake.

WAKILI: Na kila zinapofunguliwa, kumbukumbu iandikwe na mkaguzi wa nje aione. Kwa sharti hilo nitakaa kimya. Bila hilo, nitawashitaki.

WAKALA: Niongeze la kiutu uzima. Hata ukiwa na picha na ufunguo, picha mbovu haiponi. Kama aliyekuandikisha kijijini alikuwa na foleni ndefu na kisomaji chenye vumbi, utabeba ubovu huo kutoka injini hadi injini. Mwanzoni kila mtu anapigania idadi ya walioandikishwa. Ubora hakuna anayeuuliza mpaka uchaguzi ufike.

MHANDISI: Ubora unapimika, na bure. NIST walitoa programu iitwayo NFIQ mwaka 2004, kisha NFIQ 2 mwaka 2016. Unaipa picha ya kidole, inakupa alama. Ni programu huria. Taasisi inaweza kuichukua na kuzipima picha zake yenyewe.

MAMA: Bila kumuuliza muuzaji?

MHANDISI: Bila kumuuliza.

MAMA: Miaka yote hiyo tulikuwa tunamwomba mzabuni atuletee ripoti ya ubora wa kazi yake mwenyewe.

WAKALA: Nasi tulikuwa tunaileta, mama. Ikiwa na rangi nzuri.

Tukacheka, kisha Mama akauliza swali ambalo nadhani kila mlipa kodi angeuliza: yupo aliyefaulu? Mhandisi akaitaja India. Aadhaar, namba ya utambulisho ambayo wa kwanza waliipokea Septemba 2010 na ambayo leo imeshatolewa kwa zaidi ya watu bilioni 1.3, haikukabidhiwa injini moja. Mamlaka yake ilichagua makundi matatu mwaka 2010: Accenture na washirika wake, L-1, na Mahindra Satyam pamoja na Morpho. Injini tatu zikafanya kazi kwa pamoja nyuma ya mtambo mmoja wa serikali. Aliyefanya vizuri alipewa mgao mkubwa wa kazi, na aliyezembea mgao wake ulipungua. Malipo yalifuata kazi. Picha zilikuwa za mamlaka.

WAKALA: Na mwaka mmoja baadaye Safran wakainunua L-1. Wawili kati ya watatu wenu wakawa chini ya paa moja.

MHANDISI: Na mradi haukusimama. Ndilo ninalolisema.

WAKALA: India ina watu zaidi ya bilioni. Inaweza kuwaambia wazabuni watatu wakae pamoja na wakakaa. Wewe unakuja na watu milioni 15 na bajeti ya wafadhili, unadai injini tatu? Hakuna atakayeleta zabuni.

MHANDISI: Sidai tatu. Nadai moja, pamoja na uhakika kwamba ya pili inaweza kuingia. Kuna MOSIP, programu huria ya vitambulisho iliyoanzishwa mwaka 2018 kwenye chuo cha IIIT cha Bangalore. Ufilipino wanaitumia, Ethiopia pia kwa kitambulisho chao cha Fayda. Daftari, usajili na uthibitishaji vimo humo, na msimbo wake unaonekana na kila mtu. Injini ya kulinganisha vidole haimo. Hiyo lazima ununue.

WAKALA: Na mtanunua kwetu.

MHANDISI: Kwenu, ndiyo, kwa usahihi wenu. Mashindano yahamie hapo, kwenye injini. Tusifungwe tena kwa sababu ya umbo la faili.

WAKALA: Msitusahau na sisi tulioandika. Kampuni zenyewe, kupitia umoja wao wa Secure Identity Alliance, zilitoa OSIA, violesura vya wazi vya kuunganisha sehemu za mfumo wa vitambulisho, ili mnunuzi achanganye kampuni mbili tatu bila kuvunja kitu.

WAKILI: Wauzaji wameandika wenyewe sheria ya kuwazuia wauzaji?

WAKALA: Dada, nani mwingine angekuwa na subira ya kuiandika? Chukueni kinachowafaa, kipimeni.

MAMA: Kipimeni. Sasa hapo umesema. Miaka yangu yote hatukupima. Tulisoma. Mzabuni analeta cheti, tunakisoma, tunagonga muhuri. Magari niliyapeleka kwa fundi akayakagua kabla ya kulipa, lakini mfumo wa mabilioni nikaukubali kwa karatasi. Kama ningeandika zabuni leo, ningeweka hivi: asilimia fulani ya fedha inabaki kwetu mpaka siku ya majaribio. Siku hiyo mzabuni anatukabidhi picha, sisi tunazifungua kwa ufunguo wetu, kampuni nyingine tuliyoichagua sisi inazitengenezea violezo na kutafuta waliojiandikisha mara mbili. Ikishindwa kuzisoma, hulipwi. Unaonaje, Wakala?

WAKALA: Naona bei itapanda.

MAMA: Kwa kiasi gani?

WAKALA: Kwa kiasi cha kile ambacho tungekutoza miaka mitano baadaye, mama, ukiwa huna pa kwenda.

Mimi niliyekaa pembeni nina upande, na si wa katikati. Wakala ana haki kuhusu usahihi: kuilazimisha injini ya taifa itumie kiolezo cha kiwango ni kuinunua halafu kuifunga miguu. Wakili ana haki kuhusu hatari, na sharti lake la mkaguzi wa nje silipunguzi hata chembe. Lakini kipande kinachoamua kama kutakuwa na ushindani mara ya pili ni picha na ufunguo wake, na hicho mara nyingi hakimo kwenye ukurasa ambao bodi ya zabuni inausoma. Jaribio la Mama halihitaji teknolojia mpya wala sheria mpya. Linahitaji kifungu kimoja, siku chache za maabara, na bodi iliyo tayari kuonekana msumbufu.

Basi msomaji, ukiwa mjumbe wa bodi ya zabuni, mwandishi wa habari au mbunge wa kamati, siku mradi wa vitambulisho utakapoletwa mbele yako usipoteze muda kuuliza mashine zimetoka nchi gani. Uliza picha ziko wapi, ufunguo anao nani, na ni lini mara ya mwisho injini ya kampuni nyingine ilizisoma. Majibu hayo yaombe kwa maandishi, kabla ya sahihi.